Pini zimehamia Hispania, ramani inakula bando: nianzie wapi?

Msomaji wa Tanga ameuliza:

"Shikamoo kaka. Najifunza kutengeneza websaiti, huu mwaka wa pili. Nimepata kazi kwa jamaa anayesambaza mitungi ya gesi, anataka ramani ya mawakala wake 34, kuanzia Ngamiani, Makorora, Chumbageni mpaka Pongwe, mteja afungue aone wakala aliye karibu naye. Nimetumia Leaflet, ile laibrari ya JavaScript ya kuweka ramani kwenye websaiti. Sasa pini zote zinatokea Hispania, ramani yenyewe nusu inakuwa ya kijivu, na kwenye simu ya bosi inachukua karibu dakika nzima kufunguka, anasema inamalizia bando. Amesikia kwamba dawa ni kuhamia Google. Mimi nilibofya F12, zile zana za brauza za kukagua websaiti, nikaona vitu vingi nikafunga. Nijifunze tool gani kwanza? Na laptop yangu ni RAM 4GB, inatosha?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole na bosi, pili hongera kwa kusema ukweli kwamba ulibofya F12 ukaona vitu vingi ukafunga, maana wengi wetu tulianza hivyo hivyo ila ukituuliza leo tutajifanya tulizaliwa tunaijua. Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa natafuta makosa kwa alert(), kile kidirisha cha ujumbe kinachoruka, naweka moja hapa, nyingine pale, nabofya OK mpaka kidole kinauma. Wakati huo Firebug, zana ya Joe Hewitt ya kukagua makosa, ilikuwepo kwenye Firefox tangu 2006, bure kabisa, na mimi sikuwa na habari. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba rudi ukaifungue hiyo F12, kabla hujaenda kujifunza laibrari nyingine na kabla hujamjibu bosi habari za Google, kwa sababu shida zako zote tatu zimekaa humo humo.

Tuanze na Hispania maana hiyo imenichekesha, siyo kwa ubaya lakini. Tanga mjini iko latitudo -5.07 na longitudo 39.10, yaani nyuzi tano na kidogo kusini mwa ikweta, nyuzi 39 mashariki. Ukizigeuza, ukaanza na 39.10 ukamalizia na -5.07, umeiambia kompyuta iende nyuzi 39 kaskazini halafu nyuzi tano magharibi, na hapo unatua Hispania bara kabisa, kusini magharibi mwa Madrid. Hii ni ajali ya kwanza ya kila mtu anayegusa ramani, na ukishaizoea unaweza kumjua mtu anatoka wapi kwa kuangalia pini zake zimetua wapi: wa Mombasa wanatua jirani na Toledo, wa Zanzibar kati ya Cáceres na Mérida, na wa Nairobi masikini wanadondoka baharini, Mediterania, katikati ya Hispania na Algeria. Ukiacha mpangilio sawa ila ukasahau ile alama ya kutoa mbele ya 5.07 basi mawakala wako wanahamia kusini mwa Ethiopia. Na siku ukiona pini zimerundikana kwenye Ghuba ya Guinea, pale 0,0, ujue namba hazikufika kabisa, sehemu fulani data ilikuwa tupu ikawekwa sifuri.

Chanzo ni kwamba GeoJSON (muundo wa faili la data za ramani), ambayo nina uhakika ndo umehifadhia mawakala, inaandika longitudo kwanza kisha latitudo, imewekwa hivyo rasmi kwenye RFC 7946, waraka wa viwango vya mtandao, wa mwaka 2016, kwa mantiki ya hesabu kwamba x inatangulia y. Leaflet yenyewe inataka latitudo kwanza kama tulivyofundishwa kwenye jiografia. Ukiipa faili zima kupitia L.geoJSON inakugeuzia yenyewe kimya kimya, kwa hiyo nadhani wewe ulizungusha loop, ukachukua coordinates ya kila wakala, ukaitupa kama ilivyo ndani ya L.marker. Badilisha iwe hivi:

L.marker([c[1], c[0]])

Basi, wote 34 wanarudi nyumbani. Siku ukihamia MapLibre, laibrari nyingine ya ramani, kumbuka yenyewe inataka longitudo kwanza, utageuza tena, hawa watu hawakuwahi kukubaliana na mimi nimeshaacha kusubiri.

Ungelijuaje bila kuniuliza? Fungua Console, ile sehemu ya F12 ya kuandikia amri, bandika mstari huu, halafu bofya popote kwenye ramani:

map.on('click', e => console.log(e.latlng))

Nenda kabofye Ngamiani kwa mkono wako, itakuandikia namba, weka jicho kwenye namba hizo na jicho kwenye faili lako. Ukiona tano zimekaa palipotakiwa kukaa thelathini na tisa, umemaliza kesi. Na ukiwa hapo hapo kwenye faili, punguza desimali, maana watu wanakopi namba kama -5.068912345678 wakidhani ndo usahihi, wakati desimali tano tu ni kama mita moja na sita ni sentimita 11 hivi. Duka la gesi halihitaji kujulikana lilipo kwa kipimo cha unywele.

Kijivu sasa. Hukusema ila nabashiri ramani yako iko ndani ya kitu kinachojificha, labda dirisha linalofunguka mtu akibofya "Mawakala wetu". Leaflet ikiamka inapima boksi lake mara moja, ikilikuta limefichwa inapata sifuri au kipimo cha uongo, inaomba vipande vya kutosha lile eneo dogo tu, halafu boksi likija kufunguka kwa ukubwa wake ile sehemu ya ziada inabaki kijivu kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba nyumba imepanuliwa. Unaiambia kwa map.invalidateSize() mara tu boksi likishaonekana. Ramani ikiwa haionekani kabisa hata hicho kijivu hamna, hapo ni urefu, div, yaani lile boksi la ramani, haijapewa height. Na vipande vikiwa vimetawanyika ovyo kama karata zilizomwagika, umesahau faili la CSS la Leaflet. Zote hizo unathibitisha kwenye Elements ya F12, pitisha mausi juu ya div ya ramani, brauza inakuandikia vipimo vyake palepale, ukikuta kitu kama 360 × 0 huna haja ya kumuuliza mtu.

Haya, bando. Hapa ndo nataka tukae, kwa sababu hapa ndo watu wanabadilisha laibrari tatu kwa wiki bila kujua walichokuwa wanakitafuta.

Ramani unayoiona siyo picha moja. Ni kama sakafu iliyopangwa tailizi, na kila kigae ni kapicha kadogo ka pikseli 256 kwa 256. Ukiwa zumu ya 0 dunia nzima ni kigae kimoja, zumu ya 1 ni vinne, ya 2 kumi na sita, kila hatua unazidisha kwa nne, mpaka ukifika zumu ya 18 dunia nzima imekuwa vigae zaidi ya bilioni 68. Bila shaka brauza haiombi vyote, inaomba vile vinavyoingia kwenye skrini na vichache vya pembeni, na kila kimoja kina anwani yake. Hiki hapa ni cha Tanga mjini, kutoka OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wenyewe:

tile.openstreetmap.org/13/4985/4211.png

13 ni zumu, 4985 ni namba ya safu ukihesabu kutoka magharibi, 4211 ni kutoka kaskazini kushuka chini. Iweke https mbele, bandika kwenye brauza, utaona kipande cha mji kwenye kapicha kamoja, upande wake mmoja ni kama kilomita 4.9 kwenye ardhi. Badilisha 4985 iwe 4986, unasogea mashariki, Raskazone na bahari. Hiyo ndo siri yote ya ramani za mtandaoni, Leaflet kazi yake kubwa ni kupiga hesabu ya namba hizo tatu na kubandika vipicha mahali pake bila kuacha mwanya. Ndo maana Volodymyr Agafonkin wa Kyiv aliyeianzisha 2011 aliweza kuifanya ndogo, inashuka kama kilobaiti 42 ikiwa imebanwa.

Sasa piga hesabu ya kiswahili. Kigae kimoja ni kilobaiti kumi mpaka thelathini hivi, maeneo ya mashambani hata chini ya hapo. Simu ya kawaida inahitaji kumi, kumi na tano, kujaza boksi. Jumla haifiki nusu megabaiti. Kwa hiyo kama simu ya bosi inachukua dakika nzima, anayekula bando siyo ramani! Kuna mwingine amekaa pembeni anakula ramani inasingiziwa.

Mtafute hivi. Fungua websaiti kwenye laptop, F12, nenda Network, weka tiki kwenye Disable cache, la sivyo brauza itakupa vitu ilivyovihifadhi na utaona kila kitu ni chepesi wakati mteja mpya yeye anapakua mwanzo mwisho. Pale palipoandikwa No throttling chagua mwendo wa polepole, usichague huo wa haraka ukajifariji. Pakia ukurasa upya na uangalie chini kabisa, kuna mstari unakwambia maombi mangapi yametumwa, siyo ya kanisani, na megabaiti ngapi zimeshuka. Kisha bofya kichwa cha safu ya Size ili wakubwa waje juu, soma mistari mitano ya kwanza, hiyo mitano tu. Sitegemei kuona kigae hata kimoja humo.

Utakachokuta naomba nibashiri tena: picha ya mtungi aliyokutumia bosi, umeiweka kama alama ya pini bila kuipunguza, ni megabaiti mbili au tatu na inaonyeshwa kwa ukubwa wa ukucha. Hiyo angalau brauza inaipakua mara moja tu hata kama pini ziko 34. Mbaya zaidi ni kama chini ya ramani umeweka orodha ya mawakala na kila mmoja na picha ya duka lake moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya simu, hapo 34 mara megabaiti tatu ni 102, na bosi ana haki ya kulalamika. Zipunguze upana mpaka kama pikseli 600, na kwenye kila img uweke loading="lazy" ili zile za chini zisishuke mpaka mtu ashuke nazo.

Mimi yalinikuta na mteja mmoja wa nyumba za kupanga, jina tuliache. Alitaka mipaka ya wilaya ichorwe juu ya ramani, nikatafuta GeoJSON nikaipata, nikaiweka, kwangu ofisini ikapaa. Wiki moja baadaye anapiga simu anasema wateja wanaona ukurasa mweupe. Nilibishana naye! Nikamwambia mtandao wenu ndo mbovu. Nilipokuja kufungua Network na kupunguza mwendo nikaona faili moja la megabaiti 18, mipaka ilichorwa na kila kona ya mto na kila jiwe la pwani, pointi malaki. Nikalipeleka kwenye Mapshaper, ambayo inafanya kazi ndani ya brauza yenyewe, unavuta kidude kimoja kushoto kulia unaona mistari inarahisika mbele ya macho yako, nikaacha asilimia tano ya pointi, likarudi chini ya megabaiti moja na kwa macho hakuna aliyeona tofauti. Kumpigia mteja kuomba radhi ndo ilikuwa ngumu.

Kitu kingine ambacho kingekusaidia wewe, ramani isianze kupakia mpaka mtu aihitaji. Weka picha ya kawaida ya ramani na kitufe "Fungua ramani", akibofya ndo Leaflet iitwe. Wateja wengi wa gesi wanataka namba ya simu tu, ramani hawaigusi kabisa, kwa nini uwalipishe? Namba ya simu iwe juu, maandishi matupu, ifunguke hata mtandao ukiwa wa kukokota. Ukitaka kujua ukurasa wako unakuwaje ramani ikigoma, nenda Network, bofya kulia kwenye ombi la kigae, chagua Block request domain, pakia upya. Kama na orodha ya mawakala nayo imepotea, basi umejenga nyumba yote juu ya nguzo moja.

Kuhusu Google. Google Maps ni nzuri jamani, sitaki nikudanganye, kwenye foleni na majina ya biashara wako mbali. Ila tangu 2018 ukitaka kuitumia kwa JavaScript kwenye websaiti yako, kama unavyotumia Leaflet, lazima uwe na ufunguo wa API, yaani msimbo wa kujitambulisha kwa Google, na akaunti ya malipo yenye kadi, ukipita kiwango cha bure unalipa kwa matumizi. Muulize bosi taratibu, kadi itakuwa ya nani? Maana ikiwa ya kwako, umeshaanza kumkopesha. Na ule ufunguo hauna siri yoyote, ukifungua Network kwenye websaiti inayotumia Google utauona umekaa kwenye anwani, unaanza na AIza, mtu yeyote anaukopi. Kwa hiyo ukija kuutumia, siku hiyo hiyo unaufungia uitikie jina la websaiti yako tu. Zaidi ya yote, picha za megabaiti tatu zitabaki megabaiti tatu hata chini yake kuwe na Google. Huna sababu ya kuhama.

Ila na huku ulipo pana masharti yake. Zile seva za vigae za OpenStreetMap zinaendeshwa kwa michango, siyo bomba la bure la kila mtu. Lazima maandishi ya © OpenStreetMap contributors yaonekane kwenye ramani, usiyafiche kwa CSS eti yanaharibu muonekano, wala usiandike skripti ya kuvuta vigae vya Tanzania nzima uvihifadhi, watakufungia na watakuwa sahihi. Wanataka pia waone ombi limetoka websaiti gani, kwa hiyo ukiwa umeweka mahali fulani Referrer-Policy ya no-referrer, inayoficha hilo, utaanza kuona 403, yaani umekataliwa, kwenye Network na utahangaika siku mbili. Kwa mawakala 34 na wateja wa mji mmoja haina shida. Biashara ikikua, ulizia PMTiles ya Brandon Liu, ambapo ramani nzima inakaa kwenye faili moja na brauza inachomoa kipande inachokitaka tu, kwenye Network utaona majibu ya 206 (kipande cha faili) badala ya 200 (faili zima), unaweza kukata eneo la Tanga peke yake ukaliweka kwenye seva yako na usimtegemee mtu. Ila hiyo siyo ya leo, usiniletee habari kwamba umeianza kabla ya kupunguza picha.

Sasa "wakala aliye karibu", maana hapo naona utakwama kabla sijakwambia. Brauza haitoi mahali alipo mtu kama websaiti haiko kwenye https. Chrome walifunga hilo 2016, wengine wakafuata. Localhost, yaani websaiti ikiendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, inaruhusiwa, ndo maana kwenye laptop itakubali, halafu ukifungua kwenye simu kwa ile anwani ya laptop inayoanza na 192.168 itakataa na utadhani simu ni mbovu. Chomeka simu kwa waya, washa USB debugging, kwenye Chrome ya laptop andika chrome://inspect, weka port forwarding, simu itaiona kama localhost na wewe utaona Console ya simu kwenye skrini kubwa. Hii peke yake imeniokoa mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Na huhitaji kupanda bodaboda mpaka Pongwe kujaribu. Kwenye F12 kuna menyu ya nukta tatu, More tools, Sensors, pale kwenye Location unaandika latitudo na longitudo unayotaka na brauza inaamini kwamba upo hapo. Jiweke Pongwe, jiweke Makorora, halafu jiweke Raskazone, na hapo Raskazone utakutana na kichekesho: ukipima umbali kwa mstari ulionyooka, ambao ndo Leaflet inakupa kwa distanceTo, mtu aliye Raskazone anaweza kuambiwa wakala wake wa karibu yuko Chongoleani, wakati katikati yao kuna ghuba na kwa barabara ni kuzunguka kote kule. Mtungi utaogelea? Zipo huduma za kupima kwa barabara, kama OSRM, ila kwa mawakala 34 mimi ningeonyesha watatu wa karibu na mtaa wa kila mmoja, mteja achague. Mtu wa Tanga anajua bahari iko wapi kuliko programu yako.

Usiombe ruhusa ya mahali mara tu ukurasa unapofunguka. Mtu hajakujua bado, atabofya Block, na akishabofya Block brauza inakumbuka. Weka kitufe "Nionyeshe walio karibu", akibofya mwenyewe ndo uombe.

Kuna jambo bosi atalitaka kesho, namjua hata kama simjui: atataka kisanduku cha mteja kuandika anwani yake. Kataa kwa adabu. Huduma ya Nominatim inayotafuta anwani kwenye OpenStreetMap ina kikomo cha ombi moja kwa sekunde na hairuhusu kabisa kutumika kupendekeza wakati mtu anaandika, lakini hata ungekuwa na inayoruhusu, tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zimepata namba na mitaa imepata vibao, ila muulize mtu namba ya nyumba yake uone. Atakwambia nyuma ya msikiti, shuka na njia ya vumbi, geti jeusi, ukipotea niulizie mama fulani. Hiyo hakuna kompyuta ya kuitafsiri, ila dereva wa bodaboda anaielewa vizuri sana! Kwa hiyo mpe mteja pini moja anayoweza kuivuta kwa kidole mpaka juu ya paa lake, na chini yake kisanduku cha maelezo, andika hivi hivi "Tuelekeze", basi. Pini kwa ajili ya mashine, geti jeusi kwa ajili ya dereva.

Angalizo dogo hapo, kwenye simu ramani inayojaza skrini nzima inateka kidole, mtu anataka kushuka chini ya ukurasa ramani ndo inasogea, mpaka anakata tamaa. Iache na nafasi pembeni au usizidishe nusu ya urefu wa skrini.

Na ukikuta barabara ya wakala wako haipo kwenye ramani, au mtaa hauna jina, usilalamike, ichore. OpenStreetMap ilianzishwa na Steve Coast Uingereza 2004 kwa wazo kwamba watu wachore wenyewe kwao, na huku kwetu limefanyika hilo: Kibera ilikuwa kama doa tupu kwenye ramani mpaka 2009 Map Kibera walipoingia na vijana wa palepale wakaichora, na Dar es Salaam, watu wa Ramani Huria kuanzia 2015 waliingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa na mifereji kwa ajili ya mafuriko, ukifungua Tandale leo uone jinsi ilivyojaa. Kihariri chake kinaitwa iD, kinafunguka ndani ya brauza hiyo hiyo, unafuatisha barabara juu ya picha ya satelaiti waliyokuwekea, unaandika jina, unahifadhi, na baada ya muda mfupi kigae kinachorwa upya. Sharti moja, usikopi kutoka Google, chora unachokijua na unachokiona kwenye ile picha iliyoruhusiwa. Mimi njia ya nyumbani kwetu nimeiandika mwenyewe, na mama bado haamini kwamba hakuna ofisi iliyonipa kibali.

Kuhusu laptop, 4GB inatosha kwa haya yote. Itakulemea ukifungua QGIS, programu ya kuchambua ramani, na data kubwa, ila kwa mawakala 34 geojson.io ndani ya brauza inamaliza kazi. Ukiona inakwama, ndani ya Chrome bofya Shift na Esc, itakuja orodha ya kila kichupo na kumbukumbu inayokula, na mara nyingi utakuta siyo ramani wala F12, ni video uliyoisimamisha asubuhi ukasahau kuifunga.